Betri ni ya Nani?

Jioni moja nikiwa Nairobi, pembeni ya Barabara ya Ngong, nilisimama kumtazama dereva wa bodaboda akibadilisha betri. Aliingia na pikipiki yake isiyo na mlio, akainua kiti, akachomoa betri kwa mikono miwili, mgongo umepinda kama mtu anayenyanyua ndoo ya maji iliyojaa pomoni. Akaisukuma kwenye tundu la kabati la chuma, taa ikawaka nyekundu. Tundu la jirani lilikuwa na taa ya kijani. Akavuta betri ya humo, akaitumbukiza chini ya kiti, akafunga. Dakika tatu hazikuisha. Simu yake ikalia: amekwisha kukatwa pesa.

Nikamuuliza kama betri ile ni yake.

"Hapana mzee. Pikipiki itakuwa yangu nikimaliza kulipa. Betri ni ya kampuni, hiyo haitakuwa yangu hata siku moja." Akavaa helmeti, akaondoka.

Jibu lile limenikaa kichwani kuliko takwimu nyingi nilizosoma tangu hapo. Mabishano kuhusu magari ya umeme yanayotufikia kutoka Ulaya na Marekani ni ya mtu mwenye gari lake, lililoegeshwa kwenye banda lake, karibu na soketi yake. Anauliza litafika wapi kabla halijaisha chaji, litachukua muda gani kujaa, litauzika vipi likichakaa. Ni maswali ya haki. Norway wamekwisha kuyajibu: mwaka 2024 karibu magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya umeme, baada ya serikali kuyasamehe kodi kwa miaka mingi. Lakini barabara zetu zimejaa vyombo vya kazi: bodaboda, bajaji, daladala, matatu, malori. Kwa vyombo hivi ninaamini swali la kwanza ni lile nililomuuliza kijana yule, kwa sababu anayeishika betri ndiye anayeamua faida ya umeme imwendee nani.

Na faida ipo. Tupige hesabu kwa bei za Dar es Salaam. Dereva wa bodaboda anayeshinda barabarani anaweza kwenda kilomita 120 kwa siku. Pikipiki ya petroli itakunywa kama lita tatu. Lita ikiwa shilingi 2,900, hizo ni shilingi 8,700, na bado hujamwaga oili wala kubadilisha plagi. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huohuo itataka uniti tano hivi, tukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Uniti ya umeme wa LUKU ikiwa shilingi 357, jumla haifiki shilingi 1,800. Tofauti ni karibu shilingi 7,000 kila siku. Kwa siku 300 za kazi inakuwa shilingi milioni 2.1. Kijana anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, au anayelipia boda ya mkataba ili siku moja kadi iandikwe jina lake, anajua milioni mbili kwa mwaka ni ada ya watoto na kodi ya chumba.

Chukua sasa gari la familia, linalokwenda kilomita 12,000 kwa mwaka. Gari dogo la petroli lililoagizwa Japani, linalokwenda kilomita 14 kwa lita, litakula kama shilingi milioni 2.5 za mafuta. La umeme litatumia umeme wa laki sita na nusu hivi. Mwenyewe anaokoa pungufu kidogo ya milioni mbili, karibu sawa na bodaboda yule, ila yeye amenunua betri kubwa mara kumi na zaidi. Kama gari la umeme limelizidi la petroli kwa shilingi milioni 20, atangoja zaidi ya miaka kumi pesa yake irudi, wakati dhamana ya kawaida ya betri ya gari jipya ni miaka minane. Gari linaloshinda limeegeshwa Posta toka asubuhi hadi jioni halina muda wa kuilipia betri yake. Basi linalopiga ruti kutwa linao. Ndiyo maana kampuni ya BasiGo walipoanza Nairobi mwaka 2022 walianza na mabasi, na wakayatoa kwa mpango ambao mwenye basi analipia betri na umeme kwa kila kilomita anayokwenda.

Tena sisi si wanunuzi wa magari mapya. Mengi ya magari yetu hutoka kwenye minada ya Japani, usukani kulia, yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Tanzania inaruhusu, ila inaongeza ushuru kwa lililozeeka. Injini ya miaka kumi fundi wa Ilala anaisikiliza tu, akatia mkono kwenye moshi, akakwambia imebakiza nini. Betri haisemi. Dada mmoja ninayemfahamu, mwenye saluni Sinza, aliagiza gari dogo la umeme lililotumika. Wakala alimtumia picha za bodi, za viti, za tairi. Picha ya kipimo cha betri hakuiona. Gari lilipofika, hata likijazwa kabisa liliweza kumpeleka Kariakoo na kumrudisha mara mbili tu, na ya tatu lilimzimikia kabla hajafika nyumbani. Fundi aliunganisha kompyuta yake chini ya usukani, akamwambia betri imebaki na nusu ya nguvu zake, na joto la Dar litaendelea kuila. Mpya ingemgharimu kiasi kisichopishana sana na alicholipia gari lote. Alilia mbele yangu, na sikuwa na neno la kumpa.

Gari likiingia nchini linaangaliwa breki, taa, tairi. Betri nayo ipimwe, na kipimo kiandikwe kwenye karatasi anayoshika mnunuzi kabla hajatuma pesa. Hili halihitaji fedha za wafadhili wala kongamano.

Kwa gari la familia ninaungana na Toyota, ambao kwa miaka mingi wamelaumiwa kwa kukawia kuingia kwenye umeme. Tangu walipotoa Prius mwaka 1997 wameshikilia kwamba gari linalochanganya petroli na betri ndogo litabaki na nafasi yake, na kiongozi wao wa miaka mingi, Akio Toyoda, amekuwa akilirudia hilo hata pale wenzake walipotangaza kuachana na injini. Kwa mtu wa Mbezi au Kitengela mwenye gari moja, umeme unaokatika na kipato kisicho na ziada, hoja hiyo ina uzito. Kwa bodaboda haina.

Majirani zetu wameshika njia mbili. Ethiopia, Januari 2024, ilitangaza kuzuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli, kwa sababu dola za kununulia mafuta zilikuwa zikiikausha nchi na mabwawa yake yalikuwa na umeme. Rwanda ilianzia kwa wanaofanya kazi: tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria Kigali haiandikishwi kama si ya umeme. Mimi naipenda njia ya Kigali, kwa hesabu niliyoionyesha hapo juu. Hofu yangu iko kwenye jambo ambalo amri kama hiyo haiwezi kulikwepa. Ukimlazimisha dereva kuingia kwenye umeme, umemlazimisha pia kuingia kwenye mkataba wa mtu mwenye betri.

Tuwe wakweli kwanza kuhusu wema wa mkataba huo. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote kwenye pikipiki ya umeme. Kampuni ikibaki nayo, bei ya pikipiki inashuka hadi kijana asiye na dhamana ya benki anaifikia. Betri ikichoka, hasara ni ya kampuni. Dereva halali na wasiwasi uliomliza dada wa Sinza. Kampuni ya Ampersand walipoanza Kigali mwaka 2019 waliyafikiria haya, na kuna madereva wengi wanaorudi nyumbani na pesa zaidi kuliko walipokuwa kwenye petroli.

Ila bei ya kubadilisha betri haiwezi kuwa bei ya LUKU. Ndani yake mna umeme, uchakavu wa betri, kabati, mshahara wa mlinzi na faida ya mwenye mtaji. Ile tofauti ya shilingi 7,000 inagawanywa, na dereva peke yake ndiye asiyekaa mezani wakati wa kugawa. Kwa kawaida betri za kampuni moja haziingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine: plagi ni tofauti, kimo ni tofauti, na programu iliyomo ndani inakataa mgeni. Pikipiki ya petroli ukiona sheli hii imepandisha, unavuka barabara kwenda ile. Huku huvuki. Ukichelewesha malipo, kampuni inaweza kuizima pikipiki kutoka ofisini, abiria akiwa bado anatafuta chenji mfukoni. Huu ni uwezo ambao hakuna muuza mafuta aliyewahi kuwa nao juu ya dereva.

Na kampuni hufa. Biashara ya kubadilisha betri ina umri mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1890, New York ilikuwa na teksi za umeme zilizoingia kituoni, betri nzito za risasi zikatolewa kwa mashine, nyingine zikawekwa, na teksi ikatoka. Kampuni iliyoziendesha ilianguka mwaka 1907. Mwaka uliofuata Ford akatoa gari lake la bei nafuu, mwaka 1912 Cadillac wakaweka mota ya kuwashia injini iliyobuniwa na Charles Kettering, kuzungusha kwa mkono kukaisha, na umeme ukasahaulika barabarani kwa muda mrefu.

Mfano wa karibu zaidi ni Better Place ya Shai Agassi, iliyoanzishwa mwaka 2007. Ilikusanya mtaji wa zaidi ya dola milioni 800, ikajenga vituo Israel na Denmark, ikauza magari ya Renault ambayo betri zake zilibaki mali ya kampuni. Mei 2013 ikafilisika. Walionunua wakabaki na magari waliyoyalipia na betri zisizo zao. Wale walikuwa watu wenye mishahara, katika nchi yenye usafiri mwingine. Tafakari jambo hilo likitokea Mwanza au Kisumu kwa vijana elfu mbili ambao pikipiki ndiyo chakula cha jioni.

Kwa hiyo ningeomba serikali zetu zitumie nguvu kidogo kwenye misamaha ya kodi na nyingi kwenye jambo moja la kiufundi: kipimo kimoja cha betri na plagi moja kwa pikipiki zote zinazoandikishwa Afrika Mashariki, na lugha moja ya kuongea na kabati. Jumuiya ikiliamua sasa, wakati kampuni ni chache na makabati yanahesabika, gharama itakuwa ndogo. Wakishazamisha mabilioni kila mmoja kwenye kabati lake, watapigana mahakamani.

Viwanda vyenyewe vinalielewa swali la betri kuliko tunavyolielewa sisi. Kwa miaka mia moja kiwanda cha magari kilikuwa kiwanda cha injini: Wajerumani na Wajapani waliilinda elimu ya pistoni na giaboksi kama siri ya ukoo. Mota ya umeme haina siri kubwa ya namna hiyo. Thamani ikahamia kwenye betri, na wenye betri walikuwa wengine. BYD ilianza Shenzhen mwaka 1995, mwanzilishi wake Wang Chuanfu akitengeneza betri za kuchaji, zikiwemo za simu. Ilinunua kiwanda cha magari mwaka 2003, na Machi 2022 ikaacha kabisa kuunda magari yanayotumia petroli peke yake. CATL, iliyozaliwa mwaka 2011 katika mji wa Ningde, leo inatengeneza zaidi ya theluthi moja ya betri za magari duniani. Ushuru ambao Marekani na Umoja wa Ulaya waliyapandishia magari ya umeme ya China mwaka 2024 ulikuwa kilio cha watu waliokuta kitovu cha biashara yao kimehamia kwa mtu mwingine.

Malighafi za betri ziko kwetu. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia, na nyingi inatoka Kolwezi na viunga vyake, mahali ambapo ukisalimia kwa Kiswahili unajibiwa kwa Kiswahili. Katika mtaa wa Kasulo watu walichimba mashimo ndani ya vyumba vyao wenyewe, wakateremka kwa kamba, kwa sababu kobalti ilikuwa chini ya kitanda. Mwaka 2016 Amnesty International ilieleza kwa ushahidi jinsi watoto walivyokuwa wakifanya kazi kwenye uchimbaji huo. Februari 2025, bei ikiwa imeanguka, Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, kisha ikaweka viwango vya kuuza. Niliifurahia hatua hiyo kama mtu anayemwona jirani amekataa kupunjwa, lakini wenye viwanda walikuwa wamekwisha kuanza kuhama. Betri za chuma na fosfati, zinazoendesha mabasi ya BYD na magari mengi ya China, hazina kobalti hata chembe, wala nikeli. Mgodi wa nikeli wa Kabanga kule Ngara uwekwe kwenye mizani hiyo kabla hatujajiahidi mengi.

Madini ya kinywe, yaani grafiti, ni habari nyingine. Betri ya chuma na fosfati inayahitaji, ya kobalti inayahitaji, na Mahenge, wilayani Ulanga, imekalia moja ya hazina kubwa zinazojulikana. Lakini kinywe kinachotoka ardhini kinapaswa kusafishwa na kufinyangwa kabla ya kuingia kwenye betri, na kazi hiyo karibu yote inafanyika China, ambayo Desemba 2023 ilianza kudhibiti nani anauziwa. Tukisafirisha mchanga mweusi kwenye magunia tutaununua tena ukiwa betri isiyo yetu, na kijana wa Morogoro ataikodi kwa kutumia simu.

Umeme wa kuzijaza upo, kwa kiasi ambacho wazazi wetu wasingekiamini. Kenya inapata karibu tisa ya kumi ya umeme wake kwenye vyanzo vinavyojirudisha, na mvuke wa Olkaria ndio mkubwa kati ya hivyo. Usiku watu wakilala, mvuke huo hauna wa kuupa kazi. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya kuchajia vyombo vya usafiri, ya usiku ikiwa nusu ya ile ya saa za matumizi makubwa. Uamuzi huo nausifu bila kusitasita. Tanzania imejenga Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na Machi 2024, maji yakiwa mengi, vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Wakati huohuo meli za petroli zilikuwa zikishusha Kigamboni na kuondoka na dola. Kikwazo kiko chini zaidi: transfoma ya mtaa iliyofungwa wakati kuna nyumba kumi na leo zipo themanini, nyaya zilizolegea, umeme unaorudi na kishindo. Kabati la betri ishirini halichajiwi kwenye mtaa wa namna hiyo bila kuwazimia majirani friji.

Kuna pia Mfuko wa Barabara, unaolishwa na tozo ya kila lita. Bodaboda ya umeme haichangii hata senti. Kwa sasa na iwe hivyo, ila anayesema itakuwa hivyo daima anawadanganya madereva. Kuna na gesi asilia: kwa bajaji na teksi za Dar ni afueni ya kweli inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay, nami sina ugomvi nayo, japo nimeona madereva wakipoteza robo ya siku kwenye foleni ya kujaza.

Halafu kuna chombo cha umeme ambacho hakina betri inayokiendesha. Julai 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ikila umeme kwenye waya wa juu, na ile ya haraka inafika chini ya saa nne. Njia hiyo ndiyo njia ya safari za kikazi Tanzania. Wizara ziko Dodoma, benki na mashirika mengi yako Dar, na kwa miaka mingi afisa wa kikao cha saa nne asubuhi alipanda ndege. Wapo wanaosubiri ndege ya betri. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nguvu zaidi ya mara 40 ya kilo moja ya betri nzuri ya leo, na ndege ya mafuta inapungua uzito kadiri inavyokwenda, wakati betri inatua na uzito uleule iliyoruka nao. Kwa umbali wa Dar na Dodoma jibu limekwisha kuwekwa relini. Natamani serikali iandike kwenye kanuni zake za safari kwamba tiketi ya kikazi ya njia hiyo ni ya treni, na ndege iombewe kibali kwa sababu. Vikao vinavyowezekana kwa video navyo vifanyike kwa video, hata kama posho ya safari itakosekana.

Juzi nilipita Sinza kumsalimia yule dada. Gari lake lilikuwa halipo tena. Bodi ameiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Betri hakuiuza. Fundi kijana aliifungua, akachagua vipande vilivyo hai, akavipanga kwenye sanduku la mbao nyuma ya saluni, akaviunganisha na inveta na paneli mbili za jua juu ya bati. Nilimkuta akimkausha mteja nywele, umeme wa mtaa ukiwa umekatika tangu saa sita, jenereta la jirani likinguruma na kutoa moshi mlangoni. Alinipeleka nyuma kunionyesha sanduku. Lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake.